Aliyenitengenezea Springi ya Mguu

Leo nilikusudia kuandika juu ya takataka zinazozagaa nyuma ya soko la mifugo hapa Isiolo, na ulimi nilikuwa nimeshaunoa. Sitaweza. Asubuhi moja mwezi uliopita, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda navaa kiatu, jirani mmoja alinipigia simu akaniambia kwamba yule mzee wa springi amefariki alfajiri, na kwamba wanazika kabla ya adhuhuri. Mimi ni mtoto wa wenye duka waliotoka upande wa Mlima Kenya, na kwetu msiba huenda polepole: kuna vikao, kuna tangazo gazetini, kuna kwaya, na mtu hupata muda wa kuzoea. Kwa majirani zetu Waislamu, unaamka na habari na kabla ya chakula cha mchana umeshashika udongo. Nilifika nyumbani kwake roho ikiwa bado kitandani. Wanaume walikuwa wameanza kupokezana jeneza begani kama desturi, kila mmoja hatua chache kisha anampisha mwenzake. Hakuna aliyenitazama mimi, kwa sababu mji mzima unaujua mguu wangu, na watu walitaka kunihurumia kimyakimya. Nilijipenyeza hata hivyo. Mpwa wake mmoja alinishika kiuno, nikaingiza bega, nikabeba. Mguu haukuniangusha, na haukuniangusha kwa sababu ndani ya chuma kilicho kifundoni mwangu mna springi ndogo kama kidole cha mtoto, ambayo marehemu aliikunja mwenyewe. Nilimbeba kwa kazi yake. Tangu siku hiyo nalia ovyo, hata dukani nikisubiri chenji.

Kwa wasiojua, mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mdogo, na wayo wake hauwezi kujiinua. Navaa chuma cha mguu: vipande viwili vya chuma kando ya muundi wa mguu, vimefungwa kwenye kiatu, na nyuma ya kifundo pana tundu lenye springi. Ninapoinua mguu, springi inasukuma kisigino chini, na vidole vinapanda juu. Ikifa, vidole vinaning'inia na kukwaruza ardhi, na mtu anajikwaa kwenye jiwe ambalo mtoto wa miaka miwili angeliruka. Chuma chenyewe hudumu. Springi ndiyo huchoka, maana kazi yake ni kubanwa na kuachiliwa kila hatua, mwaka mzima, bila likizo. Hospitali inayotengeneza vyuma hivi iko mbali na Isiolo, na springi zenyewe hutoka mbali zaidi, kwa hiyo ukienda unaambiwa usubiri. Siwalaumu. Lakini mtu anayesubiri mguu hasubiri kama anayesubiri basi.

Nilikuwa katika kusubiri huko nilipomfahamu. Nilikuwa napita mbele ya lango lake, naye amekaa nje na kofia yake na kikoi, akanitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni. Hakunisalimu. Alisema, "Wewe mtu ya gazeti, hiyo kiatu imelika yote mbele. Kuja hapa nione nini imekufa." Nimezoea watu wanaogeuza macho mguu wangu unapopita, na nimezoea wale wanaotoa pole ya bure, lakini huyu alizungumza nami kama ninavyozungumzishwa na mtu wa gereji kuhusu gari. Sijui kama naweza kuwaeleza jinsi lilivyonipendeza jambo hilo. Nikakaa kwenye kibao chake, nikavua kiatu, naye akaitoa springi tunduni kwa msumari na kuigeuza kiganjani. Akaniuliza huwa natembea wapi, nabeba nini, na kama napanda ngazi za ofisi za serikali. Kisha akaniambia nirudi kesho kutwa.

Babu yake alikuja huku na jeshi la mkoloni na hakurudi kwao. Ukoo wake ukawa wa wenye malori, na yeye mwenyewe aliendesha kwenda Garbatulla na Sericho enzi ambazo barabara ilikuwa ni mahali tu ambapo gari la jana lilipita. Huko ndiko alikojifunza. Alinisimulia kwamba ile springi nyembamba inayorudisha kanyagio la mafuta ilimkatikia mbele ya Kulamawe, na lori zima, na shehena yake na abiria wake juu, likasimama kwa ajili ya kitu ambacho kuku angeweza kukimeza. Akachomoa waya kwenye kiti alichokalia, akaukunja juu ya msumari wa inchi sita, wakafika. Alipoacha kuendesha alijijengea kibanda cha mabati nyuma ya jiko la nyumba yake, akaweka meza, vaisi ya kubania chuma, jiko la makaa na feni ya kupulizia. Hakuandika bango. Watu walimletea springi ya stendi ya bodaboda, ya kitasa, ya cherehani, ya mizani ya kupimia nyama. Vitu vya namna hiyo havina duka linalouza kipande kimoja. Ukienda dukani utaambiwa ununue kitasa kizima.

Kazi yake nimeitazama mara nyingi hadi naiona nikifumba macho. Alikuwa anaukunja waya juu ya fimbo ya chuma nyembamba kuliko tundu la mguu wangu, kwa sababu waya ukiachiliwa hujifungua kidogo, na lazima uuwekee nafasi ya ukaidi wake. Akaupasha moto hadi uwe mwekundu wote, bila sehemu nyeusi, kisha akauzamisha kwenye mafuta. Hapo springi inakuwa ngumu na haina faida yoyote, maana ukiiangusha sakafuni inavunjika kama glasi. Ndipo inapokuja kazi yenyewe. Anaisugua kwa msasa hadi ing'ae, anairudisha juu ya makaa kwa koleo, mbali kidogo na moto, na kungoja rangi. Chuma kilichong'aa kikipata joto polepole kinabadilika rangi mbele ya macho yako: kwanza kama chai yenye maziwa mengi, kisha kahawia, kisha zambarau, halafu samawati iliyoingiwa na moshi. Ukitoa mapema, springi itavunjika. Ukichelewa, italala na isiamke tena. Akishaitoa aliibana kwenye vaisi mpaka ikagusana pete kwa pete na kuiacha hivyo hadi siku ya pili. Ikifupika baada ya kufunguliwa, anaitupa. Ikibaki na urefu wake, ananiita.

Siwezi kumwandika bila kusema habari ya mafuta ya mkia. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, alasiri yenye jua la kuua nyoka, na springi yangu ilikuwa imekatika siku chache kabla ya safari ambayo sikuweza kuiahirisha. Mzee alilitazama debe lake la mafuta machafu ya injini akakuta ni tupu. Majirani walikuwa wameyachukua kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa. Akawaza kidogo. Kisha akaingia jikoni akatoka na sufuria ya mafuta ya mkia wa kondoo ambayo mkewe alikuwa ameyaweka kwa ajili ya Idd. Akayayeyusha, na springi ilipokuwa nyekundu akaizamisha humo. Jamani, ile harufu. Ilipanda juu ya mabati ikaenda mtaa wa pili na wa tatu, harufu ya nyama inayokaangwa vizuri na mtu asiye na haraka, na watu wote wana njaa na kiu tangu alfajiri. Haikupita muda, wazee wawili wakabisha langoni. Walitoa salaam aleikum kwa adabu kabisa, wakaulizia afya ya nyumba, wakaulizia mvua, macho yao yakiwa kwenye sufuria, na mimi Mkristo nimekaa hapo kama ushahidi. Mwenyeji wao akafunua, akainua springi kwa koleo, inachuruzika mafuta. "Mimi nafunga," akawaambia. "Chuma ndio haifungi." Mzee mmoja alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo. Mkewe hakucheka. Alisema Idd hiyo tutakula pilau yenye ladha ya lori, na kwa kweli tulikula.

Nimemtaja mkewe, na sasa lazima niseme yeye ni nani, kwa sababu ndiye ninayemwandikia haya. Ni Mborana, mtoto wa wafugaji wa upande wa Kulamawe, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Jiko lake limetazamana na kibanda cha mumewe, hatua mbili tatu tu. Kwa miaka mingi alikuwa anasonga ugali na kuchuja chai huku macho yake yako kwenye makaa ya mwenzake, na hakuna aliyejua kama anaona chochote. Mzee mwenyewe hakujua.

Kisha mzee akapata mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji, akarudi kuona watu na milango, lakini zile rangi hazikurudi. Alituficha. Nilijua siku springi mpya ilipovunjika nikivuka barabara karibu na soko, katikati, bodaboda zikija pande zote. Nilianguka kifudifudi. Sikuumia sana, ila niliaibika, na watu waliniinua kwa huruma nyingi kuliko nilivyohitaji. Jioni mzee alikuja nyumbani kwangu mwenyewe, akaviomba vile vipande viwili, akapapasa mahali palipovunjika kwa kidole gumba. "Hii imetoka kwa moto mapema," akasema. "Si chuma iko na makosa. Ni mimi sikuona." Nilimwambia haidhuru. Akaniambia inadhuru, na kwamba amemaliza kazi, nitafute mtu mwingine. Sauti yake sikuwahi kuisikia ikiwa hivyo. Nilijikaza kisabuni mpaka alipotoka langoni, kisha nikakaa chini. Nililia kwa ajili ya mguu, lakini zaidi kwa ajili ya mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake kuniambia kwamba macho yake yamemsaliti.

Kibanda kilifungwa. Kilifunguliwa na mkewe. Alinisimulia mzee mwenyewe, na alisimulia akiwa bado anashangaa. Siku moja mama huyo aliingia humo akawasha makaa, akamwambia mumewe akunje waya kama kawaida, mikono yake si vipofu. Akazamisha, akasugua kwa msasa, akaishika juu ya moto kwa koleo akingoja kushindwa. Mkewe akasimama kando na kuanza kumwambia anachokiona, lakini hakutumia majina ya rangi mimi na wewe tunayotumia. Alitumia ng'ombe wa baba yake. Sasa ni yule wa maziwa mengi. Sasa ni yule fahali wa kahawia. Sasa ni yule mtamba mweusi mweusi, anayeonekana zambarau akisimama juani. Sasa, sasa anakuja yule wa moshi. Toa. Mzee akatoa. Wakaibana kwenye vaisi, na kesho yake springi ilikuwa na urefu wake wote. Ng'ombe hao walikufa kitambo, wote, katika ukame uliomaliza boma la baba yake, lakini yeye anawaona bado, mmoja mmoja, na kila mmoja ana rangi yake isiyochanganyika na ya mwenzake. Springi hiyo ya kwanza ya wawili niliivaa mimi. Zilizofuata niliziona zikitengenezwa. Mzee anatazama ukutani, mkono umeshika koleo, na mama amesimama na mwiko wa ugali, anataja mifugo. Likitoka neno "toa", mkono unaruka papo hapo.

Siwaambii haya ili nililie zamani. Barabara ya zamani iliua watu, na lami iliyotufikia imeniletea dawa, magazeti na maembe. Spea za kila namna zinakuja na basi siku hizi, na kijana akikatikiwa na springi ya pikipiki ananunua nyingine, na ana haki. Ninachosema ni kwamba siku ya mazishi nilisikiliza wanaume wakimsifu marehemu, makaburini na baadaye kwenye turubai, na kila sifa ilikuwa ya kweli. Walisema alikuwa na mkono wa ajabu. Walisema hakukuwa na kitu asichoweza kukirudisha kufanya kazi. Mmoja alisema mji umepoteza fundi, na wote wakaitikia. Mjane alikuwa ndani na wanawake wenzake, hakuna aliyemtaja isipokuwa kwa kusema Mungu ampe subira. Kusema kweli hawakujua. Wateja wengi waliacha vitu langoni wakavichukua langoni. Mimi nilitaka kusimama niseme, nikashindwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kumpa pole vizuri. Mjane yuko eda, hatoki, na wanaume wasio jamaa zake hawaonani naye. Dada yake aliniwekea kiti nje ya mlango, akaniletea chai, na mama akaongea nami kutoka nyuma ya pazia. Tulisalimiana. Tulimtaja marehemu. Nilikuwa nimeapa sitataja mguu, maana mtu haendi msibani kuulizia spea, ingawa springi niliyonayo ni ya mwisho aliyoniachia na imeshaanza kuregea. Nilikuwa nafikiri namfichia vizuri.

"Ndugu yangu," akasema, "hiyo springi imechoka. Nimekusikia ukitoka kwa gate."

Nikamwambia bado ina nguvu kidogo. Akasema haina. Kisha akashusha sauti. "Rangi mimi najua. Mkono ndio sina."

Nikasema jambo la kipumbavu, au labda halikuwa la kipumbavu. Nilimwambia kuna fundi mmoja wa kuchomelea mjini, kijana mwenye mkono mtulivu. Eda ikiisha, angeweza kukunja waya na kushika koleo, yeye mama amwambie tu wakati wa kutoa. Kazi ingeendelea. Watu wangepata springi zao, nami mguu wangu, naye asingebaki amekaa akitazama kibanda kilichofungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia dada yake akiacha kuosha vikombe.

"Huyo kijana iko na macho," akasema mama. "Nikimwambia toa, ataangalia kwanza. Mtu iko na macho lazima aangalie. Na ile rangi haingoji mtu aangalie." Akavuta pumzi. "Mzee yangu hakuwa anaona kitu. Nikisema toa, anatoa. Hata siku moja hakuniuliza kama niko na hakika."

Hapo akalia, na mimi nikalia upande wangu wa pazia, tukiwa watu wazima, chai ikipoa. Dada yake aliniacha nimalize. Sikukaa sana baada ya hapo. Niliaga, nikasema nitarudi eda ikiisha, na akasema karibu. Mguu wangu nimeupeleka hospitali, nao wameniandikia nisubiri, na nitasubiri. Siulilii mguu tena.

Ninachokililia ni hiki. Tulichimba kaburi moja tukamzika mtu mmoja, na tukadhani hesabu imekwisha. Lakini kulikuwa na kazi iliyokaa kati ya watu wawili, nusu kwenye mkono wa mmoja na nusu kwenye macho ya mwingine, na kilichoishikilia ni kwamba mmoja alikubali kuongozwa na mwenzake bila kuhakikisha. Hicho hakiwezi kurithiwa, na kijana wa kuchomelea hawezi kufundishwa kwa mwezi mmoja. Mjane amebaki na nusu yake, nzima, kali kama zamani, na haina pa kwenda. Na mji mzima unampa pole ya kufiwa na mume, kana kwamba hicho ndicho kitu pekee alichopoteza.

Ndugu msomaji, tazama nyumbani kwako, au kazini kwako, au kwenye duka unaloliita kwa jina la mwenyewe. Kama kuna kazi inayosifiwa kwa jina la mmoja na kufanywa na wawili, mtaje huyo wa pili leo, mbele ya mwenzake, wakati bado wote wanasikia. Mimi nimechelewa kwa mmoja. Huyu mwingine bado yuko hai, na gazeti hili humfikia, kwa sababu dada yake humsomea. Mama, kwa heshima ya eda yako sikutaji jina. Lakini watu wa Isiolo na wajue kwamba fundi wa springi tuliyekuwa tukimsifu alikuwa wawili, na mmoja wao ni wewe.